Umeme, Rejeo na Mchirizi: Istilahi za Ugavi wa Umeme na Antena katika Bodi za Bluetooth

Utangulizi

Makala haya yanaeleza istilahi chache zihusuzo kazi ambayo siku hizi imeenea miongoni mwa mafundi redio wetu, nayo ni kutia bodi ndogo ya Bluetooth ndani ya redio, kikuza sauti au sabufa ya zamani, ili mwenye chombo apate kusikiliza muziki kutoka katika simu yake bila waya. Bodi yenyewe ni ya bei nafuu. Ina chipu moja, kapasita chache, na mchoro mwembamba wa shaba uliopindapinda kwenye pembe mojawapo. Maelezo yanayofuatana nayo, kama yapo, mara nyingi huwa ya Kiingereza au Kichina, na fundi humhitaji mtu wa kumfasiria.

Tumfikirie fundi wa Igoma, kata ya jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara iendayo Musoma. Ameletewa sabufa yenye kasha la chuma, ameunganisha bodi, na sauti imetoka. Lakini siku ya pili mwenye mali anarudi na malalamiko mawili. La kwanza, nyuma ya muziki husikika mlio mwembamba usiokoma. La pili, mwenye simu akifika mlangoni tu, muziki hukatika. Kasoro ya kwanza imetokana na ugavi wa umeme, na ya pili imetokana na antena. Zote mbili hutibika kwa gharama ndogo, mradi fundi aelewe maelezo aliyofasiriwa.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Maneno manne ambayo mfasiri atayakimbilia kwanza, yaani umeme, ardhi, masafa na njia, kila moja limebeba dhana mbili au zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara, kwa kuwa wasemaji wanaonana na kifaa kiko mbele yao. Katika maandishi madhara yapo, na tutaona kwamba pengine yanaweza kugharimu maisha ya mtu. Hoja yetu ni kwamba dhana hizo haziwezi kutenganishwa kwa kutazama kamusi peke yake. Ni lazima mfasiri aulize kwanza: kitu hiki kinafanya kazi gani?

Jina lenyewe

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme neno juu ya jina Bluetooth. Ufundi huu ulianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mnamo mwaka 1994. Jina lilipendekezwa mwaka 1997 na mhandisi Jim Kardach wa kampuni ya Intel, akimkumbuka Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye alisifika kwa kuunganisha watu waliokuwa wamegawanyika. Kwa hiyo hili ni jina maalumu, asili yake ni lakabu ya mtu. Mfasiri atakayeandika "jino la buluu" atakuwa amefasiri sauti na kuacha maana. Jina hili libaki kama lilivyo, na viambishi vya Kiswahili vilizunguke: bodi ya Bluetooth, mawasiliano ya Bluetooth.

Neno "umeme"

Katika Kiswahili cha kila siku neno umeme hutosha kwa mambo mengi. Twasema umeme umekatika, umeme mdogo, umeme mkubwa, umeme wa jua. Kwa mtumiaji wa nyumbani hilo latosha. Kwa fundi halitoshi, kwa sababu anahitaji kujua mambo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni volti, yaani msukumo. Chipu nyingi za aina hii hufanya kazi kwa volti zipatazo 3.3, na baadhi haziruhusu kuzidi volti 3.6. Betri ya lithi iandikwayo volti 3.7 hufikia volti 4.2 ijaapo. Fundi aliyeambiwa "umeme wa betri unafaa" anaweza kuiunguza chipu kwa betri iliyojaa, ilhali betri hiyohiyo ikiwa imepungua isingeidhuru.

La pili ni mkondo, yaani wingi wa umeme upitao, upimwao kwa ampea. La tatu ni nguvu, yaani volti mara mkondo, ipimwayo kwa wati. Mfano utatusaidia. Fundi anao umeme wa volti 12 ndani ya sabufa, na bodi yataka volti 5 na mkondo wa ampea 0.1. Akitumia kifaa kinachozimeza volti saba zilizozidi, kifaa hicho kitapoteza wati 0.7 kama joto, nayo bodi itapata wati 0.5 tu. Mkondo ni uleule pande zote mbili, lakini volti na nguvu zimebadilika. Mfasiri aliyeandika "umeme" mahali pote pa maneno hayo atakuwa ameifuta hesabu yote.

Kwa sababu hiyo twapendekeza neno umeme libaki kuwa jina la jumla, na maelezo ya ufundi yaseme volti, mkondo au nguvu kila inapowezekana. Vilevile ugavi wa umeme uwe jina la kazi ya kugawa, kigavi umeme kiwe kifaa kinachoifanya kazi hiyo ndani ya chombo, na chanzo cha umeme kiwe mahali umeme unapotoka, kama vile betri au mtambo wa jua. Tofauti hiyo ni muhimu kwa watumishi wanaoandaa hati za ununuzi, maana anayeagiza "ugavi wa umeme" anaweza kuletewa kitu asichokikusudia.

Kifaa kinachoshikilia volti zisibadilike twakiita kidhibiti volti. Viko vya aina mbili. Kimoja hupitisha mkondo bila kuukata na kugeuza ziada kuwa joto. Hicho twapendekeza kiitwe kidhibiti mfululizo. Kingine huukata na kuuachia mkondo mara maelfu mengi kwa sekunde. Hicho kiitwe kidhibiti kikatizi. Cha pili hakipotezi nguvu nyingi, lakini ule ukatizaji huacha vurugu ndogondogo katika volti, na vurugu hizo zisiposafishwa huweza kuingia katika sauti na katika mawimbi ya redio. Kwa hiyo majina haya mawili yanampa fundi habari anayoihitaji: kimoja akitazamie joto, cha pili akitazamie kelele.

Kapasita mbili, kazi mbili

Chipu ya Bluetooth hailihitaji umeme kwa kiasi kilekile wakati wote. Hutulia kidogo, kisha hutuma au kupokea kwa ghafla, na katika nukta hiyo mkondo hupanda. Ikiwa umeme unatoka mbali kwa mchirizi mwembamba, volti hushuka papo hapo, na chipu huweza kukosea au kujizima na kuanza upya.

Dawa yake inafahamika hata jikoni. Mpishi anayeishi mbali na ziwa haendi ziwani kila anapohitaji kata moja ya maji. Anaweka pipa uani na mtungi karibu na meko. Pipa hutunza maji mengi, na mtungi huyatoa upesi. Katika bodi pia kuna kapasita kubwa, ya maikrofaradi 10 au zaidi, ambayo huwekwa mahali umeme unapoingilia, na kapasita ndogo, kwa kawaida ya nanofaradi 100, ambayo huwekwa karibu kabisa na mguu wa chipu.

Twapendekeza ya kwanza iitwe kapasita ya akiba na ya pili kapasita ya jirani. Jina hili la pili tumelichagua makusudi, kwa kuwa sifa yake kubwa ni ujirani. Kapasita hiyohiyo ikihamishwa sentimita chache kutoka kwenye mguu wa chipu, mchirizi ulioongezeka huchelewesha mkondo wa ghafla, na faida hupungua sana. Fundi anayejua jina atakuwa amekwisha kuijua kanuni.

"Ardhi" na "rejeo"

Sasa twafika kwenye neno lenye hatari zaidi. Wahandisi wasemao Kiingereza hutumia neno moja, ambalo maana yake ya kawaida ni ardhi au udongo, kwa vitu viwili tofauti. Kitu cha kwanza ni waya uendao ardhini kweli, hadi kwenye nondo iliyochimbiwa, ili umeme ukivuja kwenye kasha la chuma upite huko badala ya kupita mwilini mwa mtu. Kitu cha pili ni ule upande wa saketi ambao mikondo yote huurudia, na ambao volti zote hupimwa kuanzia hapo. Huu wa pili huenda usiguse udongo kabisa. Redio ya betri iliyo juu ya mtumbwi katikati ya Ziwa Victoria inao.

Mfasiri akiandika "ardhi" kwa vyote viwili, makosa hutokea pande zote. Fundi wetu wa Igoma akiambiwa kwamba mlio utaisha "akiunganisha ardhi mahali pamoja," aweza kwenda kuchimbia nondo, na mlio ubaki palepale. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtu aliyezoea kwamba ardhi ni ule upande wa hasi wa saketi aweza kulifunga kasha la chuma kwenye hasi na kudhani amekwisha kulikinga. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Siku waya wake utakapogusa kasha lile, atakayelishika hatakuwa na kinga.

Kwa upande wa pili wa saketi twapendekeza neno rejeo. Sababu ni kwamba lugha yetu imetupa hapa bahati ambayo lugha nyingine hazina. Kitenzi kurejea kina maana ya kurudi, na pia maana ya kutazama kitu kama kiini cha kulinganishia. Kazi za upande huu wa saketi ni hizohizo mbili: mkondo hurejea huko, na volti hupimwa kwa kurejea huko. Neno ardhi basi libaki kwa waya wa kinga uendao udongoni, ambao mafundi huuita pia ethi.

Kwa istilahi hii, chanzo cha mlio wa sabufa chaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Mkondo wa bodi na mkondo wa sauti vinatumia waya mmoja wa rejeo. Waya huo una ukinzani mdogo, tuseme omu 0.05. Mkondo wa bodi ukirukaruka kwa ampea 0.1, volti 0.005 hujitokeza juu ya waya huo, na kikuza sauti hakiwezi kujua kwamba hizo si sehemu ya muziki. Huzikuza pamoja nao. Dawa ni kuipa bodi waya wake wa rejeo na sauti waya wake, zikutane mahali pamoja tu kwenye kapasita ya akiba ya kigavi umeme. Hilo lisipotosha, hutumika kigavi umeme kilichotengwa, ambacho rejeo lake halikuungwa na lile la kikuza sauti.

"Masafa" na umbali

Malalamiko ya pili yalihusu muziki kukatika mlangoni. Hapa mfasiri hukutana na neno masafa. Maana yake ya asili ni umbali, na ndiyo maana twasema mbio za masafa marefu. Lakini watangazaji wa redio wamelizoesha taifa zima maana nyingine: idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Waliosikiliza matangazo ya Kiswahili ya BBC, yaliyoanza mwaka 1957, au ya Deutsche Welle, yaliyoanza mwaka 1963, wanakumbuka "masafa mafupi," ambayo ajabu yake ni kwamba ndiyo yaliyofika mbali kupita yote. Kilichokuwa kifupi ni urefu wa wimbi.

Bluetooth hutumia masafa ya kuanzia megahezi 2,400 hadi megahezi 2,483.5, yaani gigahezi 2.4 kwa mkato. Msomaji aliyeandikiwa "masafa ya 2.4" bila kipimo aweza kudhani kwamba simu isizidi meta 2.4 kutoka kwenye sabufa. Hatupendekezi kulinyang'anya neno masafa maana ambayo umma umekwisha kuipokea. Twapendekeza lisimame kwa mitikisiko tu, liandikwe na kipimo chake daima, na mahali pa umbali paandikwe umbali wa mawasiliano. Dhana ya tatu iitwe urefu wa wimbi, nayo ndiyo itakayotuonyesha antena.

"Njia" na mchirizi

Ile mistari ya shaba iliyo juu ya bodi mafundi huiita njia au laini. Neno njia linafaa pale shaba inapopeleka mkondo kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Haliifai antena, maana njia huenda mahali, na antena huishia hewani. Fundi anayeiona "njia" isiyofika popote aweza kudhani imekatika, akaiongezea lehemu au akaifunga kwenye shaba ya jirani. Kwa hiyo twapendekeza mstari wowote wa shaba uitwe mchirizi, kisha ubainishwe kwa kazi yake: mchirizi wa umeme, mchirizi wa ishara, mchirizi wa antena.

Kazi ya mchirizi wa antena imo katika urefu wake. Antena ya redio ya FM ikivutwa hupokea vizuri zaidi, na mafundi wengi huichukua kanuni hiyo kila mahali. Lakini tukague hesabu. Kwa megahezi 100 urefu wa wimbi ni meta 3, na robo yake ni sentimita 75, karibu sawa na fimbo ya antena iliyovutwa. Kwa gigahezi 2.45 urefu wa wimbi ni sentimita 12.2, na robo yake ni sentimita 3 na kidogo. Juu ya bodi huwa pungufu ya hapo, kwa kuwa wimbi hupunguza mwendo likipita kando ya kioonyuzi ambacho bodi imetengenezwa nacho. Mtu anayeunga waya mrefu kwenye antena hii hajaiongezea uwezo. Ameiondoa katika masafa yake.

Sehemu ya bodi iliyo chini ya antena na pembeni yake huachwa bila shaba, skrubu wala betri. Kwa sehemu hii mtu angeweza kufikiria neno uga, lakini neno hilo limekwisha kutumika katika fizikia kwa eneo la nguvu za sumaku, na mwalimu angelazimika kueleza kila mara ni uga upi. Twapendekeza eneo huru la antena. Na hapa ndipo ulipo ugonjwa wa sabufa yetu. Antena imefungiwa ndani ya kasha la chuma, na chuma hulizuia wimbi lisitoke wala kuingia. Fundi akiisogeza bodi hadi kwenye uso wa plastiki au mbao, pembe ya antena ikitazama nje na mbali na chuma, umbali wa mawasiliano utaongezeka bila kununua chochote.

Pale pa kukopa

Baki dhana moja ambayo hatukuipatia neno la Kiswahili. Mchirizi unaotoka kwenye chipu hadi kwenye antena una namna yake ya kulipokea wimbi, ipimwayo kwa omu, na kwa kawaida hutakiwa kuwa omu 50. Ukibadilika ghafla, sehemu ya wimbi hurudi ilikotoka. Mvuvi anayetikisa kamba nene iliyoungwa na kamba nyembamba ataona jambo hilohilo kwenye fundo. Thamani hiyo hutegemea upana wa mchirizi na umbali wake kutoka kwenye bapa la rejeo lililo chini. Juu ya bodi ya kioonyuzi yenye unene wa milimita 1.6, mchirizi wa omu 50 huwa na upana wa karibu milimita 3. Ikiwa unene ni nusu ya huo, upana nao huwa karibu nusu. Anayenakili mchoro bila kutazama unene wa bodi anakili kosa.

Neno ukinzani halifai hapa, kwa kuwa ukinzani hugeuza umeme kuwa joto, na jambo hili halifanyi hivyo. Kuliongezea kivumishi kungewachanganya wanafunzi. Twaona heri kukopa na kusema impedansi, kama tulivyokopa volti, ampea na kapasita. Kukopa si aibu mahali ambapo neno la nyumbani lingempotosha msomaji.

Orodha ya mapendekezo

Kigavi umeme: kifaa kinachogawa umeme kwa volti zinazohitajiwa ndani ya chombo.
Kidhibiti mfululizo: kidhibiti volti kinachopitisha mkondo bila kuukata na kugeuza ziada kuwa joto.
Kidhibiti kikatizi: kidhibiti volti kinachokata na kuachia mkondo kwa haraka.
Kapasita ya akiba: kapasita kubwa iwekwayo mahali umeme unapoingilia.
Kapasita ya jirani: kapasita ndogo iwekwayo karibu kabisa na mguu wa chipu.
Ardhi: waya wa kinga uendao udongoni.
Rejeo: upande wa saketi ambao mikondo huurudia na volti hupimwa kutoka kwake.
Bapa la rejeo: tabaka pana la shaba lifanyalo kazi ya rejeo.
Masafa: idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde.
Umbali wa mawasiliano: umbali ambao vyombo viwili huweza kusikilizana.
Mchirizi: mstari wa shaba juu ya bodi.
Eneo huru la antena: sehemu ya bodi iachwayo bila shaba wala chuma.
Impedansi: uwiano wa volti na mkondo wa wimbi lipitalo katika mchirizi, kwa omu.

Hitimisho

Maneno haya ni mapendekezo, wala hayajasanifiwa. Walimu wa fizikia na wa ufundi wanaombwa wayajaribu darasani, na wafasiri wayajaribu katika kazi zao, kisha waandike ni lipi lililoeleweka na ni lipi lililokataliwa na ulimi. Zaidi ya hayo, yafaa tuwaendee mafundi wenyewe mezani pao, Igoma na kwingineko, tusikilize wanavyoita vitu. Neno laini, neno mguu na neno ethi yalikuwa kazini kabla hatujaanza kuandika, na lile litakaloonekana kuwa bora kuliko letu litastahili kuchukua nafasi yake katika orodha.